Chokoleti baridi ya sukari kidogo: konfulawa, parachichi, faluda au ndizi ya friza?

Soda iliyoshinda juani kwenye kreti nje ya duka la Mangi, ukiinywa vilevile ilivyo, inakukaba koo kwa utamu. Nyingine ya aina ile ile ikitoka kwenye friji inashuka yenyewe, wala hulalamiki. Sukari haijapungua hata chembe. Baridi ndiyo inayoutia ulimi ganzi usiuonje utamu wote.

Hapo ndipo penye kazi kwa anayetaka kitindamlo baridi cha chokoleti kisicho na sukari nyingi. Kakao ni chungu, baridi inaficha utamu, basi mpishi anamimina sukari mpaka aridhike. Mapishi mengi ya pudini ya watu wanne yanataka nusu kikombe, karibu gramu 100, yaani gramu 25 kwa kila bakuli. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari tunayoongeza kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko sita vya chai. Bakuli moja limemaliza posho ya siku, na chai ya asubuhi bado hujaihesabu.

Kwetu Tabata jambo hili lililetwa na shangazi yangu, siku aliyorudi kliniki na maagizo ya kupunguza sukari. Jumapili ya pilau bila kitu kitamu cha kufungia mlo hakuitaka kabisa. "Mwanangu, nimeambiwa nipunguze, sijaambiwa nife," alisema. Nikaanza kujaribu hiki na kile. Nimebaki na mapishi manne yanayostahili kuwekwa pamoja, na mengine mawili niliyaacha njiani.

Kabla ya pishi lolote, kopo

Wengi wanakosea hapa, hata mimi nilikosea. Rafu ya dukani ina makopo mawili yanayofanana kama mapacha: kakao tupu, na chokoleti ya kunywa. Geuza kopo usome viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Ukikuta sukari ndiyo inayoongoza, ujue umeshika sukari iliyotiwa rangi, na hesabu zote za hapa chini hazikuhusu. Kakao tupu ina neno moja tu, kakao, au kakao na kirekebisha uchachu.

Hicho kirekebisha uchachu kina maana. Ukiona E501, au potasiamu kaboneti, hiyo ni kakao iliyopunguzwa ukali wake: rangi yake imekolea zaidi na haichachushi ulimi. Ile isiyotiwa kitu ina rangi ya kahawia hafifu na uchachu kidogo. Kwa sukari kidogo mimi nachagua ya kwanza, kwa sababu uchachu ukiungana na uchungu, mkono unajikuta wenyewe ndani ya kopo la sukari. Kakao ya Tanzania hulimwa zaidi Kyela, huko Mbeya. Ukipata unga wake, uonje mkavu kwenye ncha ya kijiko kwanza. Ukiona umekunja uso, ongeza maziwa kabla ya kufikiria sukari.

Na chokoleti ya kipande iliyoandikwa asilimia 70 isikudanganye: ile 30 iliyobaki karibu yote ni sukari. Kipande kidogo cha kukuna juu ya bakuli hakina neno. Kuyeyusha kipande kizima ndani ya pudini ni kurudi tulikotoka.

Hesabu kwa mtu mmoja

Hivi ndivyo vipimo ninavyopikia mimi. Nimezigawa sukari mafungu mawili makusudi.

| Pishi | Sukari ya kuongeza | Sukari iliyomo kwenye maziwa au tunda | Blenda | Nje ya friji |
|---|---|---|---|---|
| Pudini ya konfulawa | gramu 6 | gramu 6 | haihitajiki | inalegea taratibu |
| Parachichi na tende (10 kwa watu wanne) | 0 | gramu 12 | lazima | inalainika, harufu inatoka |
| Faluda ya kakao | gramu 6 | gramu 4 hadi 5 | haihitajiki | inasimama |
| Ndizi ya friza | 0 | gramu 12 | lazima, yenye nguvu | inayeyuka papo hapo |

Yatazame mafungu yote mawili kwa pamoja. Pishi la parachichi, linalosifiwa kila mahali kuwa "halina sukari", linakupa sukari sawa na pudini ukijumlisha ya maziwa, na mara mbili ya ile tuliyoipima kwa kijiko. Tende ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Inakuja na nyuzinyuzi, WHO haiihesabu kwenye kundi lile tulilotaja juu, na mimi naipenda. Lakini mwenye kisukari anayehesabu wanga hawezi kujifanya haioni. Amuulize mtaalamu wake wa kliniki, asiulize mapishi.

Asali nayo ina mchezo wake. Kijiko kikubwa cha sukari ni kama gramu 12. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 20 na ushee, na sukari ndani yake ni kama gramu 17. Anayeacha kijiko cha sukari akaweka kijiko cha asali ya Tabora ameongeza. Sukari guru vilevile: rangi nzuri, harufu nzuri, na bado ni sukari.

Konfulawa

Hili ndilo pishi la siku ya kazi. Maziwa nusu lita, konfulawa vijiko vikubwa vitatu vya usawa, kakao vitatu vilivyojaa, sukari viwili, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, vanila. Wanatosha watu wanne.

Ukipunguza sukari kuna mambo mawili yanabadilika, na mapishi ya kawaida hayakuambii. La kwanza ni madonge. Sukari nyingi hutenganisha chembe za unga zisigandane zinapokutana na maziwa ya moto. Ukiipunguza, kinga hiyo umeiondoa. Kwa hiyo koroga konfulawa, kakao na sukari zikiwa kavu, kisha tia maziwa baridi kidogo kidogo mpaka upate uji mzito usio na donge, ndipo ulete maziwa ya moto huku ukikoroga. La pili ni uzito. Sukari hushindana na unga kugombea maji, na ikiwa nyingi huuchelewesha unga kuiva na kukaza. Ikiwa kidogo, unga unakaza upesi na zaidi. Mapishi yangu ya zamani yalikuwa na vijiko vinne vya konfulawa. Nilipopunguza sukari bila kupunguza unga nilipata kitu cha kukatwa kwa kisu, wenyewe wakaniuliza kama ni ugali wa chokoleti.

Acha ichemke na kutoa mapovu mazito dakika moja au mbili, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi.

Sasa kuonja. Usionje kutoka sufuriani. Ikiwa ya moto itakuwa tamu, utajipongeza, na jioni utakuta imepooza. Pakaza kijiko kimoja kwenye kisahani, kitie friza dakika mbili, halafu onja. Kama bado unaona pengo, usikimbilie sukari: ongeza chumvi chembe chache, kwa kuwa chumvi hukata uchungu wa kakao, kisha vanila au mdalasini. Harufu hizi tumezizoea ndani ya vitu vitamu, basi pua inausaidia ulimi kuona utamu usiokuwepo. Usipokuwa na vanila, tumia kastadi ya kopo badala ya konfulawa. Kastadi ya unga ni konfulawa iliyotiwa rangi na harufu ya vanila, hakuna siri nyingine. Soma tu kopo, maana zipo zilizokwisha kutiwa sukari.

Weka sufuria kwenye beseni la maji ukoroge mpaka joto lipungue kabla ya kugawa kwenye vikombe. Friji haitateseka na uniti za LUKU hazitakimbia. Ila usiiache mezani mpaka usiku: ni maziwa, na joto la Dar unalijua, muda wa saa mbili ndiyo mwisho. Utando wa juu wengine wanauchukia. Kwangu watoto wanaugombania, kwa hiyo siufuniki.

Kasoro yake: siku ya tatu inaanza kutoa maji pembeni, na ukiigandisha kwenye friza inakatika kama maziwa yaliyoharibika. Pika ya siku mbili.

Parachichi

Nyama ya maparachichi mawili ya wastani, kama gramu 300, kakao vijiko vikubwa vinne, tende kumi ndogo zilizolowekwa maji ya moto, maziwa au maji yale ya tende kiasi cha kuzungusha blenda, chumvi, vanila. Wanatosha watu wanne. Dakika tano, hakuna jiko. Mafuta ya parachichi yanafanya kazi ya krimu, na weusi wa kakao unaficha ule weusi wa parachichi lililokatwa, jambo linalotesa wauza juisi.

Sharti lake ni moja, na gumu: parachichi lenyewe. Lile kubwa la maji maji, ambalo kwenye juisi halina tatizo, hapa linakuangusha. Unataka lenye mafuta, linalobonyea kidogo ukilishika karibu na kikonyo, lisilo na nyuzi. Liwe limeiva kweli. Lililoiva nusu linatoa vipande vidogo visivyosagika na uchungu wake wa pekee, na sukari yoyote haitauondoa.

Shangazi alionja kijiko cha kwanza, akanyamaza, akasema, "Hii ni kachumbari iliyopotea njia." Hakukosea sana. Siku hiyo niliitoa friji baada ya nusu saa tu. Harufu ya parachichi inanyamazishwa na baridi kamili, saa tatu au zaidi, na kakao isiyobaniwa. Nilipoirudia hivyo, kwa tende sita badala ya kumi, alimaliza kikombe bila kutoa hukumu.

Inashibisha kuliko zote. Nyama ile ya parachichi peke yake ina kalori 480 hivi, 120 kwa kila mtu, nyingi zikiwa za mafuta. Ni mafuta mazuri, ila kikombe kiwe kidogo. Ni pishi la watu wachache wenye blenda na parachichi zuri mkononi. Kwa familia ya watu wanane, bei ya maparachichi mazuri na usumbufu wa kuosha blenda vinanirudisha kwenye konfulawa.

Faluda ya kakao

Hii ndiyo niliyoichelewa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Faluda ya pwani, ile inayogandishwa kwa china grasi na kukatwa vipande, mnaijua. Ya kwangu nimeitia kakao na kuifanya laini zaidi.

Watu wengi wakitaka kugandisha kitu hukimbilia jelatini. Fikiria Februari, nyuzi joto 32, sinia la vikombe limetoka jikoni kwenda barazani. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, ndiyo maana inayeyuka mdomoni, na ndiyo maana barazani kwetu inageuka mchuzi kabla wageni hawajamaliza salamu. China grasi, ambayo ni ageri inayotokana na mwani, huganda ikifika kama nyuzi 35 hadi 40, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Umeme ukikatika, yenyewe imesimama palepale. Maziwa ndani yake hayana kinga hiyo, kwa hiyo kanuni ya saa mbili haijabadilika.

Tena jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na paketi isiposema ni mnyama gani inaleta maswali kwenye meza ya Waislamu. China grasi haina swali hilo. (Ule mwani unaolimwa Paje na Jambiani siyo huu. Huo hutoa karagini, ndugu wa mbali wa ageri, ambayo nayo hugandisha maziwa lakini haitumiki kwa njia hii.)

Watu sita: maziwa nusu lita, tui jepesi kikombe kimoja, kakao vijiko vikubwa vinne, sukari vitatu, iliki tatu zilizotwangwa, chumvi. China grasi ya nyuzi kama gramu 6, au ya unga kijiko cha chai kimoja na nusu. Mimi huipata kwenye maduka ya viungo ya Kisutu. Ya nyuzi iloweke nusu saa, uichemshe peke yake na kikombe kimoja cha maji mpaka usione uzi hata mmoja. Usiikatishe. Ageri isiyoyeyuka vizuri haigandishi, na utailaumu bure. Maziwa, tui na kakao viwe vya moto unapoichanganya. Ikikutana na maziwa baridi inaganda hapo hapo kuwa vinyuzi, na huna la kufanya isipokuwa kuchemsha upya.

Kwa upande wa sukari, siri ni ulaini. Kitu kilichogandishwa kikawa kigumu hakiachii ladha mdomoni: unatafuna, unameza, utamu umebaki ndani yake. Faluda ya kukatwa kwa kisu inataka sukari nyingi kuliko faluda inayotikisika kijikoni, hata kama zimetoka sufuria moja. Ndiyo sababu kipimo changu cha china grasi ni kidogo kuliko cha pakiti. Kila ninapoilegeza naweza kupunguza sukari, na hakuna anayelalamika. Tui na iliki vinamalizia kazi.

Ina ubaya? Haina ule ulaini wa krimu wa pudini, hata ukijitahidi vipi. Asiyezoea faluda ataiona ngeni kwenye chokoleti. Na ni pishi la sufuria mbili.

Ndizi ya friza

Nitakuwa mfupi, kwa sababu pishi lenyewe ni fupi. Ndizi mbivu zenye madoa meusi, zikatwe vipande, zigande usiku kucha, zisagwe na kakao vijiko viwili au vitatu. Gramu 400 za ndizi zilizomenywa zinatosha watu wanne. Inatoka kama aiskrimu laini, na watoto hawaamini kwamba hukuweka kitu kingine.

Kwa nini inalainika bila sukari ya kuongeza? Sukari kwenye vitu vya friza haiko kwa utamu tu, huzuia maji yasigande yote. Gandisha maziwa na kakao yenye sukari kidogo utapata jiwe. Ndizi imekuja na sukari yake, kama asilimia 12, pamoja na nyama yake nzito. Ukienda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, chukua ndizi kisukari, zinatosha kwa utamu bila msaada. Jina lao na jina la ule ugonjwa limekuwa utani wa nyumbani kwetu, na shangazi amekataza usirudiwe mbele ya wageni.

Liwe mara moja mezani. Ukilirudisha friza linakuwa jiwe pia. Blenda ya kawaida itaunguruma na kunuka moto ukiilazimisha: toa vipande nje dakika tano kwanza, saga kidogo kidogo.

Mawili niliyoyaacha

Mtindi uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha ni mzuri kwa embe, si kwa kakao. Uchachu juu ya uchungu, na kila jaribio liliishia kwenye sukari zaidi. Tui zito lililopigwa likaumuka ni tamu ajabu likiwa ndani ya friji, lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mchana wa Dar uko juu ya hapo karibu mwaka mzima.

Vipo pia vitamu visivyo sukari, kama stevia. Nilijaribu. Uchungu wa mwisho wa stevia ukikutana na uchungu wa kakao vinashikana mikono, na havijazi nafasi ya sukari kwenye kugandisha kwa friza. Mwaka 2023 WHO ilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Nyumba isiyo na blenda basi inabaki na konfulawa au faluda, na kati ya hizo naangalia kalenda: kuanzia Desemba mpaka Machi, na siku zozote za wageni, faluda. Miezi ya kipupwe, konfulawa. Mwenye blenda na watoto, ndizi. Parachichi nalipika nikilikuta zuri, silitafuti.

Kijiko chenyewe hatukukishusha siku moja. Pudini ya kwanza niliyompikia shangazi ilikuwa na vijiko vikubwa sita, ya mwezi uliofuata vinne na nusu, kisha vitatu. Sasa viko viwili, na Jumapili iliyopita alisema chokoleti ya sherehe fulani aliyoalikwa ilimshinda kwa utamu. Wiki hii nimetia kimoja na nusu. Sijamwambia.